Lesiba Aingia Mji wa Almasi Amekaa

Shemeji yangu Lesiba Phaladi alifanya kazi kwenye treni za moshi miaka ishirini na miwili. Vitabuni aliandikwa kibarua. Mchochea moto rasmi alikuwa Mzungu, naye alikaa kitini akivuta kiko huku Lesiba akipiga beleshi. Mji wa almasi ameufikia mara mia kadhaa, na hata siku moja hakuufikia amekaa.

Basi alipotimiza miaka sabini, dada yangu Mokgaetji akatukatia sote watatu tiketi za ile treni ya kumbukumbu inayotoka Pretoria Jumapili, akamvalisha mumewe suti ya kanisani.

"Baba Tumelo, leo unakaa mpaka tufike," akamwambia. "Ukigusa beleshi, utalala kwa shemeji yako."

"Kwangu hakuna nafasi," nikasema.

Siku hizi wasomi ndio wanaolipa ada ya chama cha treni za moshi ili wachafuke. Mchochea moto wetu alikuwa Daktari Hennie, mng'oa meno wa mjini, ovaroli yake kaipaka masizi mwenyewe nyumbani.

Njiani tukashushwa porini. Treni ikarudi nyuma ili ije tena kwa mbwembwe, watu wapige picha. Hennie akashindilia makaa hadi moshi ukatoka mweusi tii. Watu wakapiga makofi. Lesiba akajifunika uso kwa kofia.

"Enzi zetu moshi ule ungekufukuzisha kazi," akanong'ona. "Makaa hayaungui yale. Anaufukia moto."

Haikupita nusu saa tangu tupande tena, treni ikakohoa mlimani ikasimama. Mji tulikuwa tunauona. Dereva akapita mabehewani akiuliza kama yupo aliyewahi kuchochea. Lesiba akatazama dirishani kama hayumo. Mimi njaa ilikuwa imenishika, na dada alikataa kufungua kopo la chakula mpaka tufike, nikamsaliti.

"Muulizeni huyo mwenye suti."

Dada yangu alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Hennie akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Mzee, nakuomba, dakika kumi tu. Beleshi lipo."

"Beleshi nalijua," Lesiba akasema. "Kiti ndicho sikijui."

Akainuka, akaenda kwenye injini, akaketi kwenye kiti cha mchochea moto, kofia magotini. Sisi tukajibanza nyuma yake na kopo letu la kuku na mayai.

"Fungua mlango. Acha katikati, umeshashibisha. Kidogo kushoto. Kidogo kulia. Funga." Hennie akaegemea beleshi. "Nani kakwambia upumzike?"

Daktari wa watu akapiga beleshi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Moshi ukapungua, ukawa mweupe, mshale wa kipimo cha mvuke ukapanda, na treni ikaupanda mlima taratibu. Dada yangu alikuwa analia, wala hakujificha. Mimi nilikuwa na aibu yangu.

Stesheni wapiga picha walikuwa wamejipanga. Mama mmoja wa chama akasogea, mpole kweli.

"Mzee, ungeshuka kidogo tumpige picha Daktari? Hiyo suti inaharibu historia."

Lesiba akaliangalia beleshi, akamwangalia yule mama, kisha akanyoosha mkono kwa mkewe. Mokgaetji akampa yai la kuchemsha.

"Historia ingoje nimalize yai," akasema.

Akaanza kulimenya polepole, ganda moja moja, amekaa.