Ulimbo Nilioutafuna Mwenyewe

Sauti ile ni kama ya plasta ikibanduliwa kwenye mguu wenye vinyweleo. Praa, halafu kimya kidogo, halafu kilio chembamba. Ni manyoya ya ndege yakiachana na ulimbo. Nimesikia radi za Puge zikipasua miti, nimesikia fisi nyuma ya zizi, na zote nimezisahau. Hii ndiyo iliyobaki, na nikiikumbuka mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Ndege wenyewe ni wale kasuku wadogo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, macho yamezungushiwa weupe kama wamepakwa unga. Wengine huwaita cherero. Kwetu wako wengi kama nzi. Wanalala kwenye mivumo, miti mirefu ya jamii ya minazi, iliyo kando ya njia ya zamani ya wapagazi, wawili wawili, wamebanana, na asubuhi wanatoka kwa kelele kwenda kunywa maji lamboni, kisha moja kwa moja kwenye mtama wetu. Nisiwapambe: ni wachafu. Chini ya mvumo wao pananuka, mavi yamegandia mpaka kwenye makuti. Na ulaji wao sasa. Mmoja anamega punje, anaonja nusu, anadondosha, anashika nyingine, mpaka suke zima linaishia chini. Bibi alikuwa akisimama pembeni ya shamba akiwaambia kwa Kinyamwezi maneno ambayo hakufundishwa kanisani.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa na bibi na mjomba, nikingoja maisha yangu yaanze. Mipango ilikuwepo. Ningefungua saluni Tabora mjini, vioo pande zote, na ndege mlangoni wa kukaribisha wateja. Kwa hiyo mvumo mmoja ulipoangushwa na upepo, nikakuta kinda kwenye kuti, uchi kabisa, utumbo unaonekana kupitia ngozi, nilisikia kinyaa kumshika. Nikamshika. Nilitafuna mtama nikamlisha kwa midomo yangu, kama mama yake angefanya. Akaota manyoya. Akawa analala kwenye pindo la kanga yangu na kunidonoa hereni.

Msimu huo mjomba alichoka kuliwa mtama, akaamua kutega. Ulimbo ni utomvu wa mkuyu, unachemshwa na mafuta kidogo mpaka unavutika. Ila haushiki vizuri mpaka utafunwe, na mjomba meno yamembakia upande mmoja. Kazi ikawa yangu. Unatafuna mpaka taya linauma, ladha ya tairi na maziwa yaliyochacha, unatema kwenye kopo, unachukua tonge jingine. Na mtafunaji haongei. Kwetu inaaminika ukiongea, ulimbo unakufa, haunasi hata nzi.

Alitakiwa pia ndege wa kuwaita wenzake. Mjomba akamtazama wangu, ametulia begani. Akaniambia ni siku mbili tu, tuokoe mtama. Nikakubali, na hilo silisukumi kwa mtu mwingine. Akampunguza manyoya ya bawa kwa mkasi, akamfunga uzi mguuni, akamweka kwenye tawi kavu katikati ya vijiti vyenye ulimbo. Alikuwa akiniita mimi. Wenzake wakasikia, wakaja, wakatua.

Siku mbili zikawa wiki tatu, maana alitokea mtu wa pikipiki kutoka mjini akawa anawanunua wakiwa hai. Habari ya mtama hakuna aliyeitaja tena. Mtu huyo alikuja na kreti la soda lililozibwa kwa wavu na kufunikwa gunia, ndege juu ya ndege, wa juu wakiwanyea wa chini, waliokufa wamekanyagwa wakawa bapa. Harufu yake ilinifuata hadi kwenye ugali. Siku moja alinikuta natafuna, akanisalimia, sikuitika.

"Binti yako bubu?"

"Akitafuna tu," mjomba akamjibu. "Akimaliza, utaomba awe bubu."

Wakacheka. Na mimi nikacheka kwa pua, ulimbo mdomoni. Kicheko kile nakichukia mpaka leo kuliko kreti.

Jumamosi moja upepo ulimyumbisha wangu, akaning'inia kwa uzi, bawa likalalia kijiti. Mjomba akamvuta. Praa. Chini ya bawa ikabaki ngozi nyekundu yenye vidoti, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kilichomshika kilikuwa na mate yangu, mdomo uleule uliomlisha.

Nikamwomba mjomba amwache apone. Nikamwahidi nitakaa mwenyewe kwenye dungu, kutwa nzima, kuwinga ndege mpaka mavuno.

"Manyoya yataota," akasema. "Jumatatu anapanda tena. Kesho ukitoka ibadani, utafune kopo lijae."

Jumapili nikasema tumbo linaniuma. Bibi alinitazama usoni.

"Tumbo la Jumapili," akasema, akachukua Biblia yake.

Mjomba hadi leo anasema mkuyu ule umezeeka. Jumatatu vijiti vyake havikunasa kitu, mtu wa pikipiki akanung'unika akaenda kutafuta vijiji vingine, na mimi nikapanda dungu na debe bovu, nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Mtama uliobaki ulitutosha kwa shida. Ya Jumapili ile sijawahi kumwambia.

Siku hiyo bibi na mjomba walipotokomea kwenda ibadani nikachukua kopo, nikatia tonge mdomoni, na nikaongea. Nilimweleza kasuku habari zote za saluni, vioo, viti vya kuzunguka, udenda ukinitoka. Lakini sikutaka kuutegemea mdomo peke yake. Nikachota majivu jikoni, nikayamimina koponi, nikakoroga mpaka ulimbo ukawa kama udongo wa kukandika ukuta. Nikakata uzi, nikauchambua ncha ionekane kaudonoa mwenyewe. Halafu nikasugua meno kwa majivu yaliyobaki, nikasukutua, nikatafuna mtama, nikamtolea midomo.

Akageuza kichwa pembeni.

Nikarudi mtungini, nikasukutua tena.