Dume la Nakonde

Katika kitongoji kile cha Iyula, kijana akitaka kuoa, wazee hawakuanza na mahari. Walianza na Osea. Walimkalisha, wakamtajia ukoo wa kijana na ukoo wa binti, naye akaanza kupanda nyuma, bibi kwa babu, mpaka aridhike kwamba damu hizo hazijakutana mahali pa karibu. Zikiwa zimekutana, alitikisa kichwa na posa ikafia hapo hapo. Alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mpole, asiye na adui. Labda Aida tu, mjane jirani yake, ambaye mwanawe Edson alinyimwa mchumba kwa sababu bibi zao walitoka tumbo moja. Edson alikwenda kuoa Tunduma na kubaki huko. Aida aliendelea kumsalimia Osea, lakini salamu zake zilikuwa kama chai isiyo na sukari.

Heshima nyingine Osea aliipata kwa ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kanisa lilileta mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba wa maziwa. Akizaa jike, unampa jirani, na jirani naye akifika zamu yake anampa mwenzake. Mtamba wa kwanza kupanda mlima wa Iyula alikuwa wa Osea, akamwita Subira. Kwa Subira wakatoka ng'ombe wa karibu kila nyumba, na chai ya kijiji ikabadilika rangi.

Osea hakuwa mjinga wa mambo ya damu. Alijua kuwa dume aliyezaliwa zizini hafai kuachwa na dada zake. Ndiyo maana mwaka 2008 alikwenda Tunduma, akavuka mpaka kwa miguu, akanunua dume Nakonde, upande wa Zambia, kwa Mnamwanga mmoja aitwaye Ezron. Dume mweusi mwenye mabaka meupe, kifua kipana kama mlango wa ghala. Alimpa jina la Zambia, na kuanzia hapo kila mwenye jike kwenye joto alimleta kwa Osea.

Watu waliisifu damu ya ng'ambo. Mpakani ndivyo ilivyo: kilichovuka kina thamani kuliko kilichozaliwa hapa. Sabuni ya Zambia hutakatisha zaidi, redio ya Zambia hushika mbali zaidi. Na Wazambia nao huvuka kuja Tunduma kutafuta vyao, wakiamini vivyo hivyo kuhusu sisi.

Miaka ikapita, ndama wakaanza kuharibika. Si wote. Mmoja alizaliwa mdogo kama mbuzi, mwingine alikuja amekufa. Mitamba waliokua vizuri walikamuliwa maziwa machache kuliko mama zao. Ndama wa Aida alizaliwa na taya la chini fupi, hawezi kushika chuchu. Aida alimnywesha kwa chupa mpaka akafa. Osea alisema ni minyoo. Baadaye akasema ni malisho. Kisha akaacha kusema.

Ndipo alipokuja Raudha, mtafiti kijana wa chuo kikuu, binti wa Tanga mwenye hijabu na mabuti ya mpira. Alipita zizi kwa zizi akiwang'oa ng'ombe singa chache za mkia na kuzitia kwenye bahasha.

"Hizo mnazifanyia nini, mwanangu?" Osea alimwuliza, akimshikilia Zambia pembe.

"Tunasoma vinasaba, baba. Kazi yako na yangu ni moja, nimesikia. Wewe unawauliza watu koo zao. Mimi namwuliza ng'ombe mwenyewe."

"Na anajibu?"

"Anajibu. Hajui kutaja jina la baba yake, lakini anasema ndugu zake ni akina nani."

Osea alicheka, akampa na singa za Subira, ambaye sasa alikuwa kikongwe, hazai, analishwa kwa wema wake wa zamani.

Majibu yalirudi baada ya mavuno. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa. Raudha alieleza kwamba ng'ombe wa mlima ule wamekaribiana mno kidamu, na hilo halikumshangaza mtu, maana wote walijua kwamba walitoka kwa Subira. Halafu akamgeukia Osea, na sauti yake ikashuka kidogo.

"Baba, na Zambia yumo. Majibu yanaonyesha ni kama mjukuu wa Subira."

Watu wakanong'ona. Osea alisimama. "Huyo nimemtoa Nakonde kwa mkono wangu. Mmechanganya bahasha."

"Nilidhani hivyo. Nikarudia upya, yakaja yale yale. Sisemi kila ndama aliyekufa amekufa kwa sababu hiyo. Magonjwa yapo, na njaa ipo. Lakini dume akipanda ndugu zake, kisha akapanda na binti zake, kasoro zilizojificha hupata mlango wa kutokea."

Aida akainuka. Alisema bila kupaza sauti:

"Kwa hiyo Mzee Osea, mwanangu umemkataza kumwoa mjukuu wa bibi mdogo wake. Dume wako umemwozesha ndugu zake wote. Hiyo posa aliipitisha nani?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Osea naye alijaribu kucheka, ikashindikana.

Kesho yake alikwenda Nakonde. Njia nzima alikuwa akimtengenezea Raudha maneno ya kumrudisha shuleni. Alimkuta Ezron akitengeneza uzio, wakasalimiana sana, wakaulizana habari za watoto, na ndipo Osea akauliza kuhusu mama wa dume.

"Mama yake?" Ezron alisema, akimwita kwa neno la heshima la kwao. "Nilimnunua Tunduma, mukwai, kwa Makame, yule mfanyabiashara Mzanzibari. Mtamba mwekundu, ana mimba changa. Sikio la kushoto lilikatwa kama kipande cha muwa."

Osea alikaa juu ya gogo. Sikio lile alilikata yeye, kwa kisu chake, liwe alama. Mtamba yule alikuwa binti wa Subira. Alimwuza kwa Makame mwaka ambao mkewe, Eva, alifanyiwa upasuaji, na kwa uchungu hakutaka kujua anakwenda kwa mchinjaji au kwa mfugaji.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mukwai. Uliuliza anakula nini, na kama ana matata. Ungeuliza ukoo, ningekutajia."

Hilo ndilo lililomchoma. Mtu ambaye hakuruhusu kijana kushika mkono wa binti kabla ya kuhesabiwa bibi zake, alimleta dume nyumbani bila swali hata moja la ukoo, kwa kuwa tu dume huyo alivuka mpaka. Alirudi Iyula jioni hiyo akiwa amechoka kupita uchovu wa safari yenyewe.

Hakupata nafasi ya kulitafakari. Asubuhi, Aida alikuwa langoni na jike lake, lipo kwenye joto, linalia na kuzungukazunguka.

"Nifungulie Zambia," alisema.

"Mama Edson, si juzi tu umenisema mbele ya kanisa?"

"Nimekusema, ndiyo. Sasa nataka ndama. Yule kijana wa kupandikiza mbegu kutoka Vwawa nimempigia, mtungi wake umeishiwa gesi ya baridi, mbegu zimeharibika. Nikikosa leo nangoja wiki tatu nyingine. Sina maziwa ya kuuza wala ya kunywa. Afadhali ndama wa ndugu kuliko zizi tupu."

"Ndama wa ndugu ulimnywesha kwa chupa."

"Wengine walipona. Huenda na wangu akapona."

Osea alishika kitasa cha lango. Ilikuwa rahisi kufungua. Angempatia mjane haja yake, na dume wake angeendelea kuwa dume, na kicheko cha kanisani kingesahaulika.

"Nimetoka Nakonde," alisema. "Yule binti amesema kweli. Mama yake Zambia ni wangu, nilimwuza mwenyewe. Sifungui."

Aida aliikaza kamba mkononi. "Mwanangu ulimnyima mke. Na mimi unaninyima ndama."

"Nakunyima. Nenda naye nyumbani."

Aliondoka akimswaga jike lake bila kuaga. Osea hakujiamini na lango lile. Alijua wiki tatu baadaye atakuja mwingine, naye atalainika. Mchana ule alimwita bwana mifugo aje na koleo la kuhasi. Walimfunga Zambia miguu wakamlaza. Dume aliguna mara moja. Osea alimshika kichwa, akageuzia uso kwenye migomba. Kisha akapita nyumba zile zile alizopita Raudha, akieleza habari za mtamba mwekundu. Waliocheka aliwaacha wacheke. Kwa Aida alifika mwisho. Akasema gharama ya kupandikiza ataibeba yeye, na mpaka jike lizae, maziwa ya asubuhi atayatoa zizini kwake.

Aida alikuwa akipepeta mahindi. Aliendelea kupepeta.

Asubuhi ya pili alikuja na kidumu cha lita tano, akakiweka juu ya ukuta wa zizi.

"Jaza vizuri," alisema. "Hii ni fidia ya ndama. Ya Edson bado."