Chungu Chini ya Masale

Juzi, kwenye makumbusho ya hapa Marangu, niliona wageni wakifuata kidude cha setilaiti kutafuta kopo ambalo wenzao walilificha makusudi ili lipatikane. Walipolipata walipiga makofi. Mimi shule niliishia la pili, nyumba nimejenga kwa mitumba, lakini mambo ya kuficha nayajua.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, nilimwona bibi akifukia chungu chini ya masale, ile mimea yetu ya heshima yenye majani marefu, kule mgombani. Udongo ulinukia mvua na samadi. Nikaamini ni asali, na kwamba ananinyima.

Baba, ambaye alikuwa mwinjilisti, aliporudi akaniuliza, "Bibi yako anachimba nini kule?"

"Anaficha asali."

Alicheka. "Mama na uchoyo wake. Mwache." Akaingia ndani. Bibi, aliyekuwa ametusikia, akanimenyea ndizi mbivu.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba chungu kile kilikuwa na fuvu la babu, lililotunzwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa desturi ya zamani. Baba angejua, angelihamishia makaburi ya kanisa siku ileile.

Wageni walipoondoka, kijana wa makumbusho alinifuata. "Shikamoo mama. Kwako hakuna kitu cha kale utuletee?"

"Marahaba. Hakuna."

Nikarudi nyumbani kupalilia masale yaleyale ya bibi.