Marudio ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilitoka Shinyanga kwenda Geita na sidii moja, kumwekea mnunuzi wa dhahabu mfumo wa kompyuta wa bure, kwa kuwa ule wa kulipia aliuona wizi. Mfumo uliingia vizuri. Printa ndiyo iliyogoma. Draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, ilikuja kama maandishi matupu, na kompyuta ilipaswa kuyageuza yenyewe yawe programu. Nikafanya kosa la kumweleza yule mzee mnunuzi kwamba ni kama kusaga mawe ya dhahabu.

Tangu hapo hakubanduka. Mwenye mawe haondoki karashani, kwenye mashine ya kuyasaga, mpaka yaishe, maana akigeuka tu anaibiwa. Akavuta stuli, akakodolea macho mistari ikipanda kwenye skrini saa tatu nzima. Nilipokwenda chooni alinisindikiza.

Printa ilipochapa, nilimwonyesha faili lililopatikana, dogo kama punje. Hakushangaa, mawe ndivyo yalivyo. Nikataka kufuta mabaki yaliyojaza diski.

"Bhebhe, wewe fundi, acha hapo," akasema. Mchanga unaobaki dhahabu ikishatoka huitwa marudio, hurudiwa baadaye kutoa dhahabu iliyosalia, na marudio ni ya mwenye mashine. Nikabishana mpaka koo likanikauka kwamba yale ni takataka. Akanipekua mifuko kabla sijatoka.

Baadaye aliiuza kompyuta ile ghali kuliko mpya, kwa sababu ya marudio. Nikaenda kumwonya aliyeinunua, mchimbaji mtu mzima. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaifunika kwa shuka, nisiyamezee mate marudio yake.