Bagia Zangu Zimekuwa za Kijiji

Nabandika hili kwenye ubao wa darasa letu la kisomo kabla mafuta hayajapoa jikoni kwangu.

Jamani, leo nimeibiwa bagia mchana kweupe, na mwizi katumia mdomo tu.

Mnamjua jirani yangu, Mama Nzuki. Mumewe ni dereva wa yule fundi Mjapani wa visima, na juzi fundi aliwakaribisha mjini kula chakula cha kwao. Tangu hapo hatupumui kwa masimulizi ya Mama Nzuki. Wali unashikamana! Supu inanywewa bila kijiko! Vijiti badala ya mkono! Hata kisimani anatuonyesha kwa mabua ya mtama.

Wivu? Ninao, tena mwingi. Mimi nilibaki na mlenda wangu.

Basi leo fundi kaja kijijini. Nikakaanga bagia za kunde, pilipili nikaitia bila huruma, nikazipeleka mwenyewe.

Akatafuna moja. Machozi! Kamasi! Akamaliza kata nzima ya maji, kisha mkono ukarudi kwenye sahani.

"Kapika nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Mama Nzuki akaniwahi: "Tumepika sisi, ndugu. Hapa ni kijiji cha ujamaa."

Mwenyekiti akapiga makofi.

Fundi akampa mkono Mama Nzuki, akamwalika tena Jumapili.

Sawa, bagia ni zetu sote. Ila nauliza, na mwenye jibu aandike hapa chini: Jumapili tunakwenda kula wote, au ujamaa unaishia kwenye sahani yangu?