Mkono wa Karani na Tundu la Goregore

Nilipokuwa mtoto, upande wa Geita, nilimwona mtu akinyimwa mke kwa sababu ya ndege, na mpaka leo nikimkumbuka hunijia kichefuchefu kabla ya kicheko.

Alikuwa karani wa mbung'o, mwenye soksi ndefu na mafuta ya nywele yaliyomchuruzika shingoni. Serikali ilitaka kufyeka pori letu kuwafukuza mbung'o, ila kwanza ilimtaka karani aandike ndege wote waliokuwamo. Ni kama kumwuliza mtu jina kabla ya kumbomolea nyumba.

Katika kuandika ndege akamwona dada yangu Kabula. Baba akawakubali ng'ombe wake wa mahari. Ilibaki karani ale na wazee, mambo yaishe.

"Bibi, akinigusa nitatapika," Kabula alilia jikoni. Bibi akaendelea kusonga ugali.

Nje, kundi la ndege likatua kwenye mninga wenye tundu. Kivulini walikuwa weusi tu. Jua lilipowapiga waling'aa kijani na zambarau, midomo myekundu imepinda kama mundu, mikia mirefu ina madoa meupe. Wakaanza kucheka wote kwa pamoja, wakiinamiana kama mawifi.

"Kasuku," karani akatamka, akaandika.

"Goregore," Bibi akasema kutoka mlangoni. "Na usiguse tundu lao, baba. Mkono ulioingia nyumbani kwa goregore haupewi mke. Mizimu huukataa."

"Bibi yangu, serikali haina habari na mizimu."

"Basi acha tu. Hata wanaume wa hapa wanaogopa."

Karani akaenda moja kwa moja mtini, akatia mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Makinda wa goregore hawana silaha ya maana, ila wana matako, na waliyageuza. Mkono ulitoka umepakwa uji wa kahawia unaonata, wenye harufu ya mayai viza na samaki wa juzi. Nilikuwa karibu; harufu ile niliionja ulimini. Akajisugua kwa majivu, akajisugua kwa sabuni, kisha akajipaka mafuta yake ya nywele, na hapo ndipo ikawa balaa.

Wakaketi kula, karani na wazee. Ugali mmoja, bakuli moja la mlenda. Karani aliponyoosha mkono, mikono ya wazee ikarudi mapajani. Mkono ule ukabaki peke yake kwenye ugali. Baba akakohoa, akatoka nje, hakurudi. Kwetu, mtu usiyeweza kula naye sahani moja humpi binti, hata awe na zizi zima.

"Mizimu imekataa," mzee mmoja akanong'ona, amefunika pua.

Kabula aliolewa na mwingine, kwa hiari yake. Pori lilifyekwa, na sina shaka kwenye karatasi za serikali lilikuwa limejaa kasuku. Mimi nilizeeka ndipo nikashtuka: mwiko ule sikuwahi kuusikia kabla ya siku ile, wala baada yake. Sisi watoto tulicheza chini ya mninga uleule, na Bibi alituambia neno moja tu:

"Msiguse. Wananuka."