Nimekuja Kukuosha

Kila ninapopita penye duka linalouza sabuni ya dawa, ile nyekundu yenye harufu kali ya kupanda puani, miguu yangu husimama yenyewe. Mwenye duka huniuliza nataka nini, kumbe sabuni siitaki. Wakati huo nimesharudi utotoni, niko Unguja, nimebeba beseni la maji ya vuguvugu, na ninakaribia kumtusi bibi wa watu bila kujua.

Tulitoka Nakuru, kundi dogo la kanisa letu, kwenda kuhudumu nje ya nchi wakati wa likizo. Mama alikuwa muuguzi, na mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubaki nami. Shuleni sikusema hivyo. Nilisema naenda ng'ambo kwa kazi ya Bwana, nikatembea kidevu juu mpaka walimu wakaniona. Basi fikiria nilivyonyong'onyea tulipofika, tukapita kando ya majumba ya Mji Mkongwe bila hata kusimama, tukateremshwa karibu na uwanja wa Amani, na mwenyeji wetu akatupokea kwa furaha: "Karibuni Ng'ambo!" Kumbe Ng'ambo ni jina la mtaa, tena wenye kuku wengi.

Mwenyeji huyo aliitwa Mama Neema, fundi cherehani, Mkristo aliyezaliwa palepale. Ukumbi wa kanisa ulikuwa ubavuni mwa nyumba yake, na humo ndimo Mama na wenzake walimopima watu presha na kutibu vidonda. Upande wa pili, ukuta kwa ukuta, aliishi Bi Tatu, mzee wa Kiislamu, pamoja na binti yake Asha. Bi Tatu alishinda barazani akitafuna tambuu, mguu mmoja ameunyoosha, ugokoni amefunga kitambaa kilicholowa. Mama alikiona kidonda kile siku tuliyofika. Jioni nilimsikia akisema kwamba kisipotibiwa kabla hatujaondoka, mguu huenda ukakatwa.

Neno hilo lilininyima raha. Kwenye chakula sikusikia ladha ya samaki wala ya nazi. Nikaamua moyoni kwamba mguu ule ni wangu na hautakatwa.

Asubuhi, kabla ya watu wazima kumaliza maombi, nilijaza beseni, nikachukua sabuni na taulo, nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nimekuja kukuosha."

Kwetu Nakuru tunaosha kila kitu: nguo, gari, mikono, mtoto, hata mbwa. Bi Tatu aliacha kutafuna. Alilitazama beseni, akanitazama mimi.

"Unioshe? Kwani mimi nshakufa?"

Asha akatoka mbio na mwiko mkononi. "Astaghfirullah! Mama, ingia ndani!" Mlango ukafungwa, nami nikabaki barazani, maji yakinimwagikia miguuni.

Nilipomsimulia Mama Neema, alicheka mpaka akaushika ukuta. Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, huku nguo zafuliwa, mikono yanawiwa, mtoto hukogeshwa. Mtu mzima akioshwa, huyo ni maiti. Na ukaenda kumwambia nani! Bi Tatu ndiye muosha wa mtaa huu. Wanawake waliokufa hapa, yeye ndiye aliyewaosha."

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imezunguka mtaa na kunenepa njiani. Wageni wa kanisa, ilisemwa, wameanza kuosha watu, yaani wanabatiza kwa hila. Mabenchi ya ukumbini yakabaki matupu. Mchungaji aliyetuongoza akakataza yeyote kwenda kutoa huduma kwenye nyumba ile. Mama aliendelea kukunja bendeji zake. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini, "Amekataza huduma. Salamu hajakataza."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nina kichwa kigumu, na utotoni kilikuwa kigumu zaidi. Kila asubuhi nilikwenda mikono mitupu. Mwanzoni nilijibiwa salamu tu, Asha akifagia vumbi kuelekea nilipokaa. Nilikunja miguu, nikakaa.

"Leo umekuja kunifanya nini?" aliuliza Bi Tatu.

"Kukuamkia tu, bibi."

"Ushaniamkia. Haya, nenda."

Nilikwenda. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Siku za kuondoka zikawa zinakaribia, na kitambaa cha ugokoni kilikuwa kimeanza kunuka. Asubuhi moja uvumilivu ukanishinda, nikalia mbele yake. "Bibi, mama anasema mguu utakatwa. Mimi sitaki ukatwe!"

"Hata mimi sitaki," akasema. "Lakini tangu mfike, kila mtu anajua atakalonifanyia. Hapana aliyeniuliza. Niulize."

Nikafuta kamasi. "Bibi, unataka mama akutibu?"

Akautazama mguu wake. "Leo sitaki. Kesho njoo uniulize tena."

Jamani, nilivyochukia! Siku nzima nilimnunia hata Mama Neema, ambaye hakuwa na kosa lolote. Lakini kulipokucha nilikuwa barazani, nikauliza neno kwa neno. Bi Tatu akatema tambuu yake. "Haya, mwite mamako. Na aje na hiyo sabuni yenu inayonuka."

Mama alikisafisha kidonda palepale barazani, maana safari hii aliitwa, mtaa mzima ukitazama, Bi Tatu akimwelekeza amimine maji kidogo kidogo. Siku zilizobaki alimfundisha Asha kukifunga. Mabenchi yakajaa tena. Tulipoondoka kidonda kilikuwa kimeanza kukauka, na baadaye Mama Neema alitupigia simu kusema Bi Tatu anakwenda sokoni kwa miguu yake.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki ili watu wacheke, na ile "leo sitaki" niliifanya ukaidi wa kizee. Nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima, siku niliposhirikiana na wanawake wa ukoo kumuosha shangazi yangu aliyefariki. Shangazi alikuwa mtu wa kuchagua, chai yake tu ilikuwa na masharti. Siku ile tulimgeuza kushoto na kulia, tukamvika gauni tulilolipenda sisi, naye hakusema kitu. Nikiwa nimeushika mkono wake nilimkumbuka Bi Tatu. Maisha yake yote aliwaosha watu, na hapana hata mmoja aliyewahi kumwambia leo sitaki. Yeye alikuwa bado anaweza kulisema neno hilo, akalisema.